Ulimwengu wa gemu unaoaminika: mwongozo wa kuujenga hatua kwa hatua

Mchezaji anaingia kijijini kwa mara ya kwanza. Kuna nyumba kumi na mbili, duka la silaha, kilabu cha pombe, na mzee aliyesimama katikati ya uwanja akisubiri kumpa mtu kazi. Hakuna shamba. Hakuna zizi, hakuna kuni zilizopasuliwa, hakuna mtoto. Mchezaji hatasema kitu, na pengine hata mwenyewe hajui kinachomkera, lakini baada ya dakika tano ameshaacha kusoma mazungumzo. Anabonyeza tu ili mzee amalize, apewe misheni, aondoke. Hapo umeshampoteza, na si picha wala muziki utakaomrudisha.

Wengi hudhani dawa yake ni uhalisia. Sivyo. Mchezaji hana ugomvi na joka. Anakubali joka, uchawi na miungu inayotembea bila kuuliza swali. Anachokataa ni joka lililokaa kilimani miaka mia moja huku ng'ombe wakilisha chini yake bila mchungaji wala woga. Kitu kikiwepo, lazima kiwe kimegusa vitu vingine. Kazi ya kujenga ulimwengu, kwa maoni yangu, karibu yote ni kufuata mguso huo unakoelekea na kuwa na subira ya kuufikisha mwisho.

Mwongozo huu ni kwa anayetengeneza gemu za RPG, zile ambazo mchezaji anavaa uhusika na kuukuza, awe peke yake au na timu kubwa. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni kuanzia mwanzo, kwa sababu ushauri usio na mfano hausaidii mtu aliye mbele ya ramani tupu.

Hatua ya 1: Chagua ajabu moja, kisha iwekee mipaka

Faili la anayeanza huwa na aina sita za uchawi, makabila matano, miezi mitatu angani na unabii. Kila kimoja kinazaa athari, na hakuna binadamu anayeweza kufuatilia athari za vitu kumi na tano kwa pamoja. Mtaka yote hukosa yote. Chukua jambo moja lisilo la kawaida, mengine yasubiri.

Letu ni hili: kila jioni ukungu hupanda kutoka ziwani, na ukungu huo unakula chuma.

Sentensi hiyo bado haitoshi, inahitaji mipaka. Ukungu hupanda jua likizama na huondoka kunapopambazuka. Haufiki juu ya kilima. Upanga ulioachwa nje usiku mmoja huota madoa ya kutu. Usiku wa saba unavunjika mkononi kama mkate mkavu. Mafuta huuzuia. Mbao, mfupa, jiwe na shaba haviguswi.

Sasa jiulize swali ambalo mchezaji mkali ataliuliza ndani ya saa ya kwanza: kwa nini basi wasitumie shaba kwa kila kitu? Usijibu kwamba ni uchawi. Kwetu shaba inachimbwa ng'ambo ya ziwa, safari ya siku tisa, na wenye machimbo wanaiuza kwa bei wanayotaka. Kwa hiyo kijiko cha shaba ukutani ni utajiri, na binti anayeolewa akiwa na kijiko hicho kijiji kizima kinajua. Swali lililoonekana kama tundu limegeuka kuwa biashara, na desturi pia.

Hatua ya 2: Fuata athari mpaka jikoni

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami nitakaa hapa.

Chukua karatasi. Juu andika ajabu lako. Chini yake andika maswali ya maisha ya kila siku: wanakula nini, wanapikia nini, wanafungaje mlango, wanalima kwa nini, wanazika wapi, taka zinaenda wapi, nani anapata faida na nani anaumia. Jibu kila swali kwa kitu kinachoweza kuonekana kwenye kioo, si kwa maelezo.

Ukungu unakula chuma, basi nyumba za bondeni hazina misumari. Mbao zimefungwa kwa kamba na vigingi. Milango haina bawaba za chuma, imening'inizwa kwa ngozi, hivyo inaburuza chini na kuacha alama ya upinde sakafuni. Chungu ni cha udongo. Jembe ni la mti mgumu. Nanga za mashua ni mawe. Mhunzi, yule ambaye kila gemu ya namna hii inaye, hapa hayupo kabisa. Nafasi yake sokoni imechukuliwa na muuza mafuta ya samaki, na harufu ya duka lake ndiyo sababu amejenga pembeni.

Endelea, maana bado tuko kwenye vitu. Ukungu haufiki kilimani, kwa hiyo chuma kinadumu kilimani tu. Wenye chuma wanaishi huko. Askari wana panga na deraya zinazong'aa, lakini nguvu yao bondeni ni ya mchana peke yake. Mtoza ushuru lazima amalize kazi na kupanda kabla jua halijazama. Kijiji kinalijua hilo. Watu wanachelewesha hesabu, wanaleta kikapu kilekile mara mbili, mzee anasimulia hadithi ndefu, na kivuli kinazidi kurefuka.

Angalia kilichotokea. Hatukukaa chini tukabuni siasa. Tulifuata kutu, na kutu ikatupa tabaka mbili za watu, saa ya hatari, mchezo wa ujanja kati ya mtawala na mtawaliwa, na misheni ya kwanza ya gemu yetu: mtoza ushuru mmoja jana hakupanda.

Gemu ya Gothic, iliyotengenezwa Ujerumani na studio ya Piranha Bytes mwaka 2001, inafaa kusomwa na kila anayejenga ulimwengu. Mfalme anahitaji madini ya kichawi kwa vita dhidi ya orki, viumbe katili wa kubuni. Wachawi wake wanalizungushia gereza la machimbo ukuta wa kichawi ili wafungwa wasitoroke, lakini ukuta unakua kupita kiasi na kuwafungia ndani wachawi wenyewe. Wafungwa wanaasi na kuteka machimbo. Sasa mfalme hana njia ila kuwanunulia: anateremsha bidhaa ndani, wao wanampa madini. Kutokana na hapo kila kitu kinajipanga. Pesa ndani ya gereza ni madini yenyewe. Kambi ya Zamani, moja ya kambi tatu za wafungwa, inaishi kwa bidhaa za mfalme, basi ina wakubwa wanaozigawa na wanyonge wanaochimba. Kambi Mpya haitaki biashara na mfalme, basi lazima ilime. Ukifika unakuta mashamba ya mpunga, wakulima wanaonyanyaswa, na pombe ya mchele. Kambi ya tatu, ya kinamasi, inauza majani ya kuvuta. Ukimuuliza mtu yeyote pale amekula nini leo, jibu liko ardhini, unaweza kulitembelea kwa miguu. Ramani yake ni ndogo ukilinganisha na gemu za leo, lakini ina uzito ambao ramani nyingi kubwa hazina.

Hatua ya 3: Ramani ianze na maji

Usianze na miji. Anza na milima, kisha acha maji yateremke. Mito huungana kadiri inavyoshuka. Kugawanyika hutokea zaidi kwenye delta, karibu na bahari au ziwa. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima huacha mvua upande ule upepo unakotoka, na upande wa pili huwa mkavu. Ukishapanga hayo, miji itajichagulia mahali: penye kivuko, penye bandari, mito inapokutana, mlangoni pa bonde. Mji uliowekwa mahali pasipo na maji unahitaji sababu kubwa, na sababu hiyo iwe sehemu ya hadithi.

Kisha kuna umbali. Mtu mzima hutembea kama kilomita 5 kwa saa, na kwa siku nzima kilomita 25 hadi 30. Hakuna atakayecheza gemu inayomtembeza siku nzima, kwa hiyo tunakunja umbali. Gemu ya Skyrim ya mwaka 2011 inafanya hivyo kwa kukimbiza saa: dakika moja ya mchezaji ni dakika 20 za ulimwengu ule. Njia nyingine ni kupunguza idadi huku ukilinda uwiano. Kijiji cha watu mia tatu kinaweza kuonyeshwa kwa watu kumi na watano, lakini wengi wao wawe wanazalisha chakula, kwa sababu kabla ya viwanda ndivyo watu wengi walivyoishi, mara nyingi zaidi ya wanane kati ya kumi. Kijiji chenye walinzi sita, wauza silaha wawili na mkulima mmoja ni kambi ya jeshi, si kijiji.

Kuhusu ukubwa nina msimamo: punguza. Daggerfall ya mwaka 1996 ilikuwa na eneo lililolinganishwa na kisiwa cha Uingereza na maeneo zaidi ya 15,000, mengi yakiwa yamezalishwa na kanuni za kompyuta. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini ukishaona miji kumi umeona mia. Watengenezaji wake walipounda Morrowind, iliyotoka 2002, walirudi kwenye kisiwa kimoja na kupanga vitu kwa mkono, na watu wanakikumbuka kisiwa hicho kama walikozaliwa. Disco Elysium ya 2019 inakuweka katika mtaa mmoja wenye mgomo wa bandari, na kupitia mtaa huo unaujua mji mzima.

Hatua ya 4: Fuatilia pesa

Mbwa mwitu akiuawa na kutoa sarafu za dhahabu, umemwambia mchezaji kwamba pesa za ulimwengu wako ni pointi tu. Ngozi yake, meno yake, nyama yake vina thamani; ampelekee anayevihitaji.

Pesa ni nini kwenu, na nani anaikubali? Katika Fallout ya mwaka 1997, gemu ya dunia iliyobaki jangwa baada ya vita vya nyuklia, pesa ni vizibo vya chupa. Kusikia hivyo unaweza kudhani ni mapambo, lakini wafanyabiashara wa mji wa Hub ndio wanaovipa thamani, na biashara kubwa ya jangwani ni maji. Gemu hiyohiyo inakupa siku 150 za kutafuta kifaa cha kusafishia maji ya watu wako, na siku zinahesabiwa kweli. Ukizidiwa, unaweza kuwalipa wauza maji wa Hub wapeleke misafara, ukapata siku 100 za nyongeza. Pesa, maji na muda vimefungwa kwenye fundo moja, na mchezaji analishika fundo hilo kwa mkono wake.

Kwetu ziwani, sarafu za chuma haziwezekani na shaba ni adimu. Basi pesa ya bondeni ni vigae vya udongo vyenye mhuri wa muuza mafuta, kila kigae kikiwa na ahadi ya kibaba kimoja cha mafuta. Msimu wa samaki ukiwa mbaya, vigae vinashuka thamani. Kilimani hawavitaki kabisa. Mchezaji aliyejaza begi vigae na kupanda kilimani atajifunza siasa za nchi ile kwa dakika moja, mbele ya kaunta, bila mtu kumhubiria.

Hatua ya 5: Wape wakazi asubuhi na usiku

Ultima V, mwaka 1988, tayari ilikuwa na wakazi wenye ratiba: wanaamka, wanaenda kazini, wanakula, wanalala. Ultima VII ya mwaka 1992 ilikuruhusu kuchanganya unga na maji, kuweka donge kwenye tanuri na kutoa mkate. Kwa hiyo udogo wa kompyuta si kisingizio.

Kama huna muda wa kuandika programu ya ratiba kamili, mpe kila mkazi mahali patatu tu: pa kazi, pa kupumzikia, pa kulala. Halafu ongeza jambo moja linalohusiana na ajabu lako. Kwetu, jua likikaribia kuzama kila mtu anaacha alichokuwa akifanya na kuingiza vitu ndani. Wachache wenye kisu cha chuma wanakipaka mafuta na kukizika ndani ya mtungi. Tendo hilo moja, likirudiwa na watu kumi na watano kwa wakati mmoja, linasema mengi kuliko kurasa za mazungumzo.

Wakazi pia wamjibu mchezaji kwa anachofanya. Katika Gothic ukiingia kibanda cha mtu usiyemjua anakufukuza, na ukichomoa silaha mbele yake anakuonya uirudishe. Ni kanuni mbili, tatu za programu, na papo hapo unahisi kwamba wewe ni mgeni na wao ndio wenye kwao.

Hatua ya 6: Historia isimuliwe na wanaogombana

Usiandike kitabu kimoja cha historia chenye ukweli wote. Andika tukio moja kubwa, kisha mpe kila upande aliseme anavyolijua na anavyofaidika nalo. Morrowind inalifanya hili vizuri kuliko gemu nyingine ninazozijua. Kifo cha shujaa Nerevar kinasimuliwa na hekalu kwa namna moja na watu wa nyika kwa namna nyingine, wao wakisema aliuawa na haohao ambao sasa wanaabudiwa. Gemu haikushiki mkono ikakuambia nani mkweli. Unabaki na vitabu, ushuhuda na akili yako.

Mimi huandika tukio mara tatu, kila mara kwa mistari isiyozidi mitano: kama linavyosemwa na aliyeshinda, na aliyeshindwa, na aliyekuwa pembeni akiuza chakula. Huyo wa tatu ndiye hutoa vitu vya maana. Kuhusu ukungu wetu, kilimani wanasema ni adhabu kwa watu wa bondeni walioua mfalme. Bondeni wanasema ziwa liliwahurumia likawanyang'anya wakubwa panga. Bibi muuza samaki anakumbuka tu kwamba mwaka ule samaki walikuja wengi mno, wakiwa wamekufa.

Hatua ya 7: Majina na misemo

Hapa si kazi ndefu. Kwa kila kundi chagua sauti chache na ushikamane nazo: vijiji vya ziwani viishie kwa -ra, majina ya kilimani yawe mafupi na yaanze kwa K au T. Mchezaji ataanza kubashiri mtu katoka wapi kabla hajaambiwa. Kisha tunga misemo miwili au mitatu inayozaliwa na ajabu lako. Kwetu mtu mwenye vitisho vitupu huitwa "upanga wa jioni". Usiutafsiri. Uache utumike mara tatu katika hali tofauti, mchezaji ataelewa mwenyewe, na siku atakapoutumia akiongea na rafiki yake kuhusu gemu utajua umefanikiwa.

Hatua ya 8: Weka maarifa mahali mkono wa mchezaji unapofika

Una kurasa arobaini za maelezo. Mchezaji hatazisoma, wala hana deni la kuzisoma. Dark Souls ya 2011 ilionyesha njia: sehemu kubwa ya hadithi imefichwa kwenye maelezo mafupi ya vitu, na katika mahali vitu hivyo vilipolala. Unaokota pete, unasoma mistari miwili, unatazama maiti uliyoiokota kwake, unaunganisha.

Huu ni mfano wa maelezo ya kitu katika ulimwengu wetu:

"Mtungi wa upanga. Mdomo umezibwa kwa nta, mara nyingi na mikono tofauti. Ukiuvunja utapata silaha ya siku chache, na hutaweza kuurudishia."

Ndani yake mna kanuni ya mchezo, mna familia iliyorithishana kitu kwa vizazi, na mna uamuzi mgumu. Ukikuta maelezo ya kitu hayabebi angalau mawili kati ya hayo, yaandike upya.

Kanuni za mchezo nazo zikubaliane na ulimwengu. Ukisema ukungu unakula chuma, upanga wa mchezaji nao uliwe. Ukiogopa kwamba atachukia, mpe njia: mafuta, mitungi, silaha za mfupa, kulala kilimani kwa malipo. Ukimpa upanga usiopata kutu kwa sababu tu yeye ni shujaa, umefuta hatua zote saba zilizotangulia.

Hatua ya 9: Jaribisha ukiwa kimya

Mpe gemu mtu asiyeijua, kaa nyuma yake na ufunge mdomo. Kila anaposema "kwa nini" au anaposimama akitazama kitu, andika. Baadaye yagawe maandishi yako. Maswali aliyoyapatia jibu mwenyewe akitembea yaache kama yalivyo, hata kama alichelewa. Aliyouliza akakosa jibu, tafuta kitu cha kuweka mahali alipokuwa amesimama: alama, chombo, kidonda, harufu inayosemwa na mpita njia. Usiongeze mazungumzo kama hujaishiwa vitu.

Na pale ambapo hakuuliza lolote, rudi ukapatazame kwa makini. Wa kwanza kuujaribu mfano wetu alipita gati la mashua mara nne bila kusimama. Kulikuwa na nanga za mawe, kamba, nyavu, kila kitu sawa, lakini vimepangwa kama picha. Tuliondoa mashua moja, tukaacha kamba yake imekatwa na kulala majini, na kwenye mbao za gati tukaweka doa la kutu lenye umbo la kisu. Aliyefuata alipiga magoti pale, akatazama jua lilipo, kisha akaanza kutafuta mtumbwi.